Bibi Harusi wa Kisimani

Baba mdogo alipobisha hodi Jumamosi asubuhi, amevaa koti la kutokea na mfuko wa machungwa mkononi, nilijua kuna kitu amefuata. Miaka sita tangu tumzike baba yangu hajatia mguu kwangu, leo machungwa? Thubutu!

"Nimesikia katuni za kaka zinachapishwa upya," alisema. "Nikaona nije nizitazame."

Azitazame. Haya. Nilimkaribisha, ila nilivuta kiti nikakaa kati yake na boksi la katuni.

Ndani ya boksi mlikuwa na kurasa mia na kumi na mbili za hadithi za mizuka, zimechorwa kwa wino zamani sana, kila moja na sahihi ya baba yangu pembeni. Saa sita mchapishaji angepiga simu nimthibitishie jina la mchoraji, liwekwe kwenye jalada. Baba alikufa akijulikana kama karani wa stoo, basi. Jalada hilo nililitaka kufa na kupona, na sikuwa tayari mtu alidandie.

Baba mdogo alishika ukurasa kwa ncha za vidole. Ulikuwa na picha ya bibi harusi anayetoka kisimani, nusu ya chini bado imefunikwa kwa karatasi laini.

"Mwone. Uso wote mweusi, kaachiwa jicho moja tu. Ukimpa mawili, ni dada wa watu kalowa mvua. Na huo mkono ulioshika ukingo una vidole sita."

Niliondoa karatasi nikahesabu. Sita kweli. Nimekua na picha ile ikinitetemesha, wala sikuwahi kujua kwa nini.

"Umejuaje, na palikuwa pamefunikwa?"

"Nakumbuka tu."

Anakumbuka! Damu ilinichemka. Huyu alishazichungulia zamani, sasa anatafuta pa kuanzia kuzidai.

Akaweka kidole kwenye bega la bibi harusi. "Hapa nani kaharibu?"

"Mimi. Wino ulibanduka, nikaziba."

Niliona haya, maana paliharibika kweli. Wiki nzima nilikuwa nikiziba vivuli vilivyobanduka, mistari midogo midogo iliyopangwa sambamba, na kila nilipopita palionekana kama kiraka. Nililaumu karatasi.

"Haya fundi, ziba wewe!" Nilimsukumia brashi na wino. Nilitaka aumbuke.

Aliichukua kwa mkono wa kushoto. Akachora mistari kumi hivi, taratibu, akipumua kwa pua. Iliingia kati ya ile ya zamani hata nisione ilikoanzia. Yangu ilikuwa imelalia kulia. Yake, na ya ukurasa mzima, ilikuwa imelalia kushoto.

Nikavuta ukurasa mwingine. Kushoto. Mwingine. Kushoto. Baba yangu alikula, akaandika na kunichapa makofi kwa mkono wa kulia.

"Baba mdogo," nilisema, "baba hakuwa mashoto."

"Hakuwa." Alifuta brashi. "Yeye alitunga hadithi. Mimi nilishagombana na mhariri, akaapa kazi yangu haitaingia gazetini mwake. Kaka akazipeleka kwa jina lake. Tulisema ni kwa mwezi mmoja."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaringia wenzako baba yako anachora mizuka. Ningekuambia nini?"

Simu ikalia. Mchapishaji alikuwa na haraka: jina la mchoraji ni lile lile la kwenye sahihi?

Nilimtazama baba mdogo. Alitikisa kichwa kuniambia nisijali, akagonga kidole kwenye sahihi ya kaka yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mchapishaji alisubiri hata akauliza kama bado nipo.

"Ndiyo," nilisema. "Ni baba yangu." Nikamtajia majina yote mawili ya baba, herufi kwa herufi.

"Vizuri," alisema baba mdogo. Alivuta ukurasa mwingine wenye kiraka changu, akaniomba nimwongezee wino. Nilimwongezea, nikashindwa kumtazama usoni.