Sekunde Sita za Mzee Shaibu

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Mzee Shaibu, muuza viatu vya mtumba, alikuwa akifunga kamba za raba nyeupe, namba arobaini na mbili, moyo wake uliposimama. Cherehani ya umeme ya Celina, fundi wa meza ya jirani, ikasimama nao. Feni ikaacha kuzunguka, redio ya muuza mikanda ikakatika katikati ya matangazo ya vifo, simu za wateja zikaganda. Watu wakasubiri. Sekunde tano baadaye moyo ukarudi, na kila kitu kikaendelea kilipoishia.

"Sindano ya tatu hii kunivunjikia tangu jana, Mzee Shaibu," Celina akasema. "Si uwe unasema kabla?"

"Ningekuwa najua, si ningekaa chini kwanza?" akajibu Shaibu, ameshika meza kwa mikono miwili.

Hali hiyo ilikuwa na miezi minane, na haikuvuka hatua ishirini kutoka alipo. Soko la Mchikichini lilishaizoea. Wenye haraka walinunua viatu upande wa pili wa barabara.

Rinkal alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Alikuwa akiifundisha kompyuta kutambua hitilafu za mapigo ya moyo, na Shaibu alikuwa mtu wa mia mbili na kumi na mbili kukubali kuvaa kinasa mapigo, kisanduku kidogo kinachobandikwa kifuani. Kila kiliporudi, kilionyesha moyo usio na dosari. Sababu haikuwa ngumu. Moyo wa Shaibu ukisimama, kinasa nacho kinasimama. Ukirudi kinarudi, na karatasi haionyeshi pengo lolote.

Shaibu alihitaji betri ya moyo, ile inayopandikizwa chini ya ngozi ili kuushtua moyo unaposahau kazi yake. Ili mtu aingizwe kwenye orodha ya wanaosubiri, kamati ya hospitali ilitaka pengo la zaidi ya sekunde tatu, lililoandikwa na mashine.

"Nimekaa naye siku nne," Rinkal akaiambia kamati. "Nimehesabu kwa mdomo, maana hata saa yangu ilisimama. Sekunde sita."

"Hatukatai," akasema mwenyekiti, mtu mpole. "Tatizo ni huo mdomo. Fomu inataka mashine."

"Mashine inasimama naye!"

"Ndiyo, umeeleza vizuri. Basi leta isiyosimama."

Rinkal alirudi nyumbani Mchafukoge akiongea peke yake njia nzima. Jikoni akamsimulia mama yake, Shobhana, aliyekuwa akikata bamia.

"Si uiweke mashine mbali naye?" mama akasema, bila kuinua kichwa.

Kesho yake Rinkal akanunua Kariakoo waya wa mita arobaini. Akamwamkia Shaibu shikamoo, akambandika waya kifuani, akauvuta juu ya viatu, chini ya meza ya Celina, akavuka nao barabara mpaka duka la ndoo, ambako aliweka kinasa juu ya kiti cha plastiki. Wapagazi waliuruka huku wakitukana. Saa sita na robo feni za upande wa Shaibu zikasimama. Rinkal, akiwa upande ambao saa zilikuwa zinatembea, akautazama mstari wa mapigo ukinyooka kwa sekunde sita na nusu.

Kamati ilichukua wiki tano kujibu. Maelekezo ya mtengenezaji, ilisema barua, yanataka kinasa kivaliwe mwilini. Mgonjwa apimwe upya.

Msimamizi wake, Profesa Theophil, aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mimi nakuamini, Rinkal. Lakini kompyuta yako imejifunza kwa mioyo elfu arobaini ya watu wa mbali, na huyu inamsoma kama waya uliokatika. Anaharibu matokeo ya wengine wote. Mtoe."

"Nikimtoa anaenda wapi?"

"Haendi popote. Yuko Mchikichini."

Rinkal aliliacha jina la Shaibu kwenye orodha yake siku kumi na moja. Ufadhili wake ulikuwa unaisha Juni. Siku ya kumi na mbili akamtoa, kisha akaenda kumwambia mwenyewe.

Shaibu alisikiliza akipiga kiwi kiatu cha ngozi. "Haya, mwanangu. Lakini siku ya mtihani nitakuja. Mashine yenu nimeivaa mara saba."

Siku ya kutetea tasnifu alikuja kweli, amevaa koti la kijivu alilolichambua mwenyewe kwenye belo la mitumba, akakaa mstari wa tatu. Rinkal alikuwa akieleza kwa Kiingereza jinsi kompyuta yake inavyopatia watu tisini na nane kati ya mia, picha ya ukutani ilipozimika. Kiyoyozi kikanyamaza. Saa ikasimama. Watahini wakaweka kalamu chini. Shaibu alikuwa ameinamia kiti cha mbele. Rinkal akahesabu kwa midomo tu, mpaka tisa, ndipo kiyoyozi kikaunguruma tena.

"Umeme huu!" akasema mtahini wa nje kwa Kiswahili. "Si haki mtahiniwa apoteze muda wake kwa jambo lisilomhusu. Aongezewe dakika moja."

Aliongezewa. Alifaulu, kwa sharti la kusahihisha mikato mitatu na jina la mchoro mmoja.

Nje ya ukumbi Shaibu akampa mkono wa hongera. Mkono ulikuwa wa baridi.

"Kiingereza mimi sikijui. Wamesemaje kuhusu mimi?"

"Hukutajwa, Mzee."

"Hata niliposimama?"

"Wamesema ni umeme."

Shaibu akaitikia kwa kichwa. Lifti ilikuwa wazi, imejaa wanafunzi, na mmoja akasogea kumpa nafasi. Akamshukuru, akasema asingependa kuwakwamisha humo ndani, akaanza kushuka ngazi za ghorofa nne, ameshika ukuta.