Uzinduzi wa Maabara ya Bi Kulsum

Nilimteua Mosi kuwa mgeni rasmi kwa sababu ndiye pekee katika Kidato cha Nne mwenye kitambi. Tulimvisha koti la Mwalimu Feisal wa kemia, tuliloazima bila kumsumbua kwa kumwomba, tukampa mkasi na kumkalisha kitini mbele ya mlango wa maabara.

Ilikuwa Jumamosi ya usafi, mwezi Septemba, na maabara mpya ilikuwa imefungwa tangu Januari. Ndani mlikuwa na bureti, ile mirija ya kioo yenye namba ya kupimia asidi tone kwa tone, darubini na meza za vigae. Nje palikuwa na utepe mwekundu ambao jua la Kerege lilishaupausha. Makubaliano yalijulikana na kila mtu: Bi Kulsum, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini, ajenge na kuweka vifaa, serikali ilete mwalimu, shule itunze. Bi Kulsum alijenga. Mwalimu Feisal aliletwa. Nayo shule ilitunza, tena kwa makufuli mawili, ikimsubiri kiongozi wa kuja kuzindua. Mara tatu tulipikiwa pilau la kumpokea, na mara tatu tulilila wenyewe.

Mtihani wa vitendo ulibakiza wiki sita. Rafiki yangu Dija, wa Miono, aliyeapa kuwa mkunga tangu mama yake mdogo alipojifungulia njiani karibu na Msata, alikuwa hajawahi kushika bureti. Alikuwa anazichora tu. Bila kufaulu kemia, chuo cha ukunga angekisikia redioni.

"Shamsia, tutafukuzwa," alininong'oneza.

"Nani anamfukuza mgeni rasmi?"

Nikasimama mbele ya darasa zima, nikakohoa kiheshima, nikaanza kusoma risala.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kutokuja mara tatu. Kutokuja kwako kumetujengea subira. Tunamshukuru Bi Kulsum kwa kutupatia ukuta mzuri wa kuegemea. Tunamshukuru na mkuu wetu wa shule, Mwalimu Seleman, kwa kuzilinda bureti zisichoshwe na wanafunzi."

Walicheka sana. Kisha kicheko kikakatika, kuanzia nyuma kuja mbele. Nikageuka. Mwalimu Seleman alikuwa amesimama mdomo wazi. Pembeni yake alikuwa Bi Kulsum mwenyewe, amekumbatia boksi.

"Shikamoo," alisema Mosi, mkasi ukiwa bado hewani.

"Marahaba, mheshimiwa," akajibu Bi Kulsum. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Aliutazama utepe. "Mwalimu, nimeleta bureti za akiba, nikidhani mmeshavunja chache. Huu utepe ni wa nini?"

"Wa uzinduzi, mama. Tungeanza kutumia kabla, tungekuvunjia heshima."

"Heshima yangu mimi?"

"Wewe ndiye mfadhili, mama."

"Nani kakwambia nataka utepe? Miezi tisa napita hapo barabarani, siingii, nisije nikaonekana naingilia shule ya serikali. Najiambia, watoto wamo ndani wanafanya majaribio. Kumbe!"

Bi Kulsum aliweka boksi chini. Akakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Mosi alikuwa ameshakikimbia.

"Binti, malizia risala yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasoma: "Ombi letu ni moja. Funguo."

Bi Kulsum akamnyooshea kidole Dija. "Wewe. Ukipewa bureti sasa hivi, utaanzaje?"

Dija alifikiri kwa uaminifu wote. "Nitaichora, bibi."

Nimewahi kuona mkuu wa shule akikasirika, na nimewahi kumwona akisinzia kwenye mahafali. Sikuwahi kumwona akishindwa kututazama machoni. Alimpokonya Mosi mkasi, akaukata utepe bila hotuba, akafungua kufuli la kwanza, na la pili likamgomea kwa kutu hadi akalipiga jiwe.

"Jumamosi ijayo nakuja tena," alisema Bi Kulsum. "Nikikuta pamefungwa, nakaa hapa hapa."

"Njoo, mama. Na nikikwama nitakupigia simu, sitasubiri barua."

"Ungenipigia Februari."

"Niliogopa, mama."

"Na mimi niliogopa. Haya."

Mwalimu Feisal alifika mbio akiulizia koti lake, akaona mlango wazi, akalisahau koti. Alipangusa vumbi, akatia asidi kwenye bureti, chini yake akaweka chupa ya maji ya magadi yaliyotiwa rangi ya manjano, akamweka Dija mbele. "Yakigeuka rangi ya chungwa, funga koki," alisema.

Mara ya kwanza Dija aliachia asidi nyingi, maji ya manjano yakawa mekundu kama soda. Mara ya pili alichelewa kufunga koki, yakawa mekundu zaidi. Kengele ya chakula ililia. Hakuna aliyetoka, hata Mosi.

"Rudia," alisema Mwalimu Feisal.

Tone. Tone. Dija aliacha kupumua, na sisi tukaacha naye. Tone moja likaning'inia, likaanguka, na manjano yakageuka rangi ya chungwa, yakatulia hapo. Dija akaziba uso kwa viganja.

"Soma namba kwanza," alisema Mwalimu Feisal. "Kulia baadaye."