Gole la Kwale

Irakoze aliteguka mgongo mwezi wa pili, akashinda kitandani majuma matatu. Mumewe Bazilio hakuliweza peke yake shamba la ekari mbili, na magugu yakapata upenyo. Mahindi yalipovunwa, shamba lao la pale Makere lilibaki limejaa mchicha pori uliokwisha kukomaa mbegu.

Ndipo wakaja kwale. Kila asubuhi kundi zima lilishuka kutoka vichakani, likachakura kati ya mabua bila woga.

"Hawa watatumaliza," alisema Bazilio. "Leo wanaokota masalia, tukipanda watafukua mbegu zetu." Akatega tanzi, akanasa mmoja. Kisha akaenda Kasulu mjini, akarudi na kichupa cha sumu ya kuchanganya na punje za mahindi.

Irakoze alimnyonyoa yule kwale. Gole, ule mfuko wa chakula shingoni, lilikuwa limevimba. Alipolipasua alitarajia mahindi. Zikamwagika mbegu za mchicha pori, nyeusi, zinang'aa, na katikati yake vijitunguu vya ndago, gugu lile lile lililomvunja mgongo miaka yote. Punje ya mahindi aliiona moja tu, imetobolewa na fukusi.

"Baba Nduwayezu, njoo uone!"

Bazilio alichutama, akazipekua kwa kidole. "Huyu mmoja. Wengine je?"

"Iweke kando hiyo sumu. Upande wa chini lima sasa, uzifukie mbegu za magugu kama tulivyozoea. Wa juu uache hadi mvua, tuwaachie ndege wazile."

"Majirani watasema tumekuwa wavivu."

"Waache waseme. Mgongo unaouma ni wangu."

"Ego," akasema Bazilio, yaani sawa kwa Kiha.

Kiangazi chote kwale walishinda upande wa juu, tetere nao wakaungana nao. Irakoze aliwatazama kwa matumaini, na kwa hofu pia, maana kama amekosea, njaa ingekuwa ya nyumba nzima. Na kweli, walipopanda, kwale walijaribu kufukua mahindi. Siku kumi alikaa shambani akipiga debe kuwafukuza, hadi miche ikashika.

Palizi ilipofika, walianza upande wa chini. Siku tisa, wameinama. Walipohamia wa juu, Irakoze alijifunga kanga kiunoni, tayari kwa mateso. Magugu yalikuwepo, lakini machache, moja hapa, jingine kule. Siku ya nne jioni wakafika mpakani.

Bazilio alisimama, akaegemea jembe, akatazama nyuma.

"Mama Nduwayezu, tumeruka mstari?"

"Hatujaruka hata mmoja."

Akacheka, cheko ambalo mkewe hakuwa amelisikia tangu mgongo wake ulipoteguka. "Basi mwakani tuwaachie shamba lote. Lakini debe utapiga wewe."

"Tutapokezana," alisema Irakoze, akatangulia kushuka kisimani. Alitembea wima.