Shibe ya Etagegn

Nilipoolewa Dessie, mji wa Ethiopia, nilikuta wakwe zangu wana msemo wao. Mtu akikataa chakula huku macho yamemtoka, wifi zangu walicheka: "Hiyo ni shibe ya Etagegn!" Nikaelewa maana yake: kujifanya umeshiba na tumbo linanguruma. Etagegn ni nani, sikuuliza. Miaka kumi na moja niliutumia, na wanangu wakaufuata.

Pasaka moja, mfungo umekwisha, alikuja mgeni, mama mwembamba aliyejitanda shuka jeupe. Mama mkwe, Zenebech, alimbusu mashavuni mara nyingi mno, kisha akaingia jikoni kuandaa kahawa. Tukaketi na mgeni, mimi, mume wangu Belachew na watoto, kuzunguka sinia la injera, mikate yetu mipana na laini, na mchuzi wa kuku. Akamega kidogo, akaacha.

"Ahsante, mwanangu. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, mama? Umeonja tu! Isije ikawa shibe ya Etagegn hiyo!" nikamtania.

Watoto wakaangua kicheko.

"Mihret, nyamaza," Belachew akaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Mgeni alinitazama bila hasira. "Kumbe bado mnasema hivyo. Etagegn ndiye mimi."

Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwaka wa njaa nilikuwa mpishi humu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Injera tatu, watu tisa. Nikiulizwa kama nimekula, nasema nimeshiba. Huyu Belachew wenu alikuwa mdogo, analilia hata makombo. Siku moja nikaanguka kwenye jiko kwa njaa." Akakunja shuka. Kovu lilitoka kiwikoni hadi kiganjani. "Watoto walicheka, wakaiita shibe ya Etagegn; wanajua nini? Kilichoniuma ni wakubwa kucheka nao."

Mama Zenebech alikuwa mlangoni, birika mkononi.

"Nilijua," akasema. "Kila siku nilijua hujala. Nilikuuliza makusudi mbele ya watu, ili ujibu umeshiba, nami nionekane nimekujali."

Binti yangu akanong'ona, "Baba, kwa hiyo tulikuwa tunamcheka yeye?"

"Ndiyo," Belachew akajibu. "Na mimi ndiye niliyekula chakula chake."

Nilimwomba Etagegn radhi. Akanigusa bega, akasema kilichomleta ni kutualika harusi ya bintiye. Akanywa kikombe kimoja cha kahawa, akaondoka bila kungoja cha pili, ingawa desturi yetu ni vitatu. Mama Zenebech alimsindikiza hadi njia kuu, akarudi macho mekundu, na hakutuambia walichozungumza.

Harusini tulikwenda sote, tukajibanza nyuma kabisa. Etagegn alituona. Akaja mwenyewe na sinia limejaa, akaliweka mbele yetu, akatukaribisha kama wageni wengine. Mama Zenebech alikula akilia. Mimi nilimeza kila tonge nimeinamisha kichwa.