Mguu Hautajwi

Siku tovuti ilipofunguliwa, Bi Soli alijipulizia manukato, eti wateja wa ng'ambo wasije wakamkuta ananuka gundi. Kiroboto, binti wa mwisho wa kaka yake, alicheka mpaka akateleza chini ya meza. Jina hilo alipewa na shangazi yake huyohuyo, kwa kuwa hakuwahi kukaa kitako akatulia. Lakini kompyuta aliijua, wallahi.

Kazi ya Bi Soli ilikuwa kushona viatu vya watu ambao mguu mmoja umeuzidi mwenzake. Yeye mwenyewe wa kushoto uliuzidi wa kulia, na ndiyo maana alianza. Sasa mji mmoja utakuwa na watu wangapi wa namna hiyo? Wachache, na wote alishawavisha. Na viatu vyake, kwa ubishi tu, havichakai! Kaka mtu, mwenye jengo, alichoka kuona chumba cha mbele, kilichokuwa karakana yake, kimelala.

"Mwisho wa mwezi huu," alisema, "kama hao wateja wako wa dunia hawajaonekana, chumba nampa muuza simu. Wewe njoo nyumbani upumzike."

Kupumzika! Bi Soli alilisikia neno hilo kama mtu anayepimwa sanda akiwa bado mzima.

Basi ikawa mbio. Tovuti ya kwanza aliipanga mwenyewe: lugha nne kwenye ukurasa mmoja, sentensi hii ya hawa, ile ya wale, ili asiwepo wa kununa. Kiroboto alipoiona akashika kichwa.

"Shangazi, mtambo wa kutafutia ukisoma hapa haujui umpelekee nani. Kila lugha ipewe chumba chake na anwani yake, na mlangoni tuuandikie mtambo: humu ni mwa kina fulani."

"Si ndio ubaguzi huo?"

"Ndiyo adabu! Mgeni anapokelewa kwa lugha yake. Na namba za viatu pia. Arobaini na moja yetu, kwingine inaitwa saba."

"Saba? Maskini, na miguu ni ileile?"

Walicheka wakaegemeana. Vyumba vikapangwa, marafiki wanaozijua lugha hizo wakasahihisha maneno, picha zikang'aa. Wakangoja. Weee! Hata nzi hakutua.

Kiroboto akaketi, naam, akaketi kweli, akausoma ukurasa neno kwa neno. "Viatu vya heshima kwa wageni wetu wapendwa." Chumba cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, vivyo hivyo.

"Shangazi, mbona hakuna mahali palipoandikwa miguu?"

Bi Soli alishtuka kama aliyetukanwa. Katika karakana ile mguu hautajwi! Mteja akiingia anatazamwa usoni, anaulizwa habari za nyumbani, na vipimo vinachukuliwa kimyakimya mkiwa katikati ya mazungumzo. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

"Nimwambie mtu wa watu kwamba miguu yake hailingani? Mbele ya dunia nzima? Chema chajiuza, mwanangu."

"Na mficha uchi hazai," Kiroboto akajibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, maana hilo alimwambia mkubwa wake. Akaigeuza kompyuta upesi. "Tazama mwenyewe watu wanauliza nini huko."

Akamtafsiria, swali baada ya swali. Mguu wangu mmoja mkubwa, nifanye nini? Mpaka lini nitanunua jozi mbili nitupe nusu? Je, niko peke yangu? Lugha hii, lugha ile, nchi za baridi, nchi za joto. Bi Soli akaisogelea kompyuta. Swali hilo la mwisho alijiuliza sana akiwa msichana, darasani, miguu ameivutia chini ya kiti. Halafu, sijui pepo gani wa furaha alimpanda, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe tuko wengi hivi! Na wote tumejificha! Hebu nipishe hapo."

Akaandika kwa vidole viwili, juu kabisa, kwa herufi kubwa: MGUU WANGU MMOJA NI MKUBWA KULIKO MWINGINE. WAKO JE? Kiroboto akaipeleka kauli hiyo kila chumba, kwa maneno yaleyale ambayo wenye lugha yao huyaandika wanapotafuta.

Mwanzoni kimya. Kisha mama mmoja wa nchi ya theluji akatuma picha ya nyayo zake juu ya zulia. Akafuata mcheza dansi. Akafuata mwalimu aliyeandika maelezo marefu, na mwisho akaomba radhi kwa kulia. Kila oda ilipoingia, shangazi na mtoto wake waliizunguka meza kwa vigelegele, mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

"Sisi!" Kiroboto alimjibu.

Mwisho wa mwezi kaka akaja na fundi rangi, chumba kipakwe kwa ajili ya muuza simu. Akatazama ngozi zilizotandazwa, akasema oda mbili tatu si biashara.

"Baba, soma kwanza," Kiroboto akamsihi.

Kaka akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mwenye jengo: "Mguu wangu mmoja ni mkubwa kuliko..." Akaishia hapo. Akasoma tena, kimoyomoyo. Kisha akamwomba fundi rangi asubiri nje, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kiatu cha kulia. Ndani mlikuwa na pamba, imeshindiliwa mpaka imekuwa ngumu.

"Tangu harusi yangu," alisema, macho sakafuni. Na kwenye harusi hiyo Bi Soli alikuwa bado anatambaa.

Bi Soli akapiga magoti. Akaushika mguu wa kaka yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza ndani ya karakana ile akautaja waziwazi mbele ya mwenyewe.

"Huu ndio mdogo, kaka. Unakuuma?"

"Unauma sana," kaka alisema.

Kiroboto alishakuwa nje, anamwambia fundi rangi aende zake.