Fimbo Iliyonyooka Ndani ya Bomba Lililopinda

Mkuu mpya wa vipimo tulimwita Kidevu, kwa sababu alitembea amekiinua kama mtu anayevuka maji ya shingo. Asubuhi ile alitutangazia kwamba sumaku yetu ni takataka.

Mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tuliizungushia waya miezi saba, mzunguko kwa mzunguko. Imepinda kama mundu, maana chembe ndogo za atomu zinazokimbizwa ndani ya bomba lake lazima zikate kona. Ikipoozwa sana, umeme hupita humo bila kizuizi; na nguvu yake isipokuwa sawa njia nzima, chembe hupotea.

"Nguvu inayumba," akasema Kidevu. "Katikati mbaya, ncha zote mbili mbaya. Kesho inakatwa. Na huyu mama aliyekuwa anakaza waya, aage kabisa."

Huyu mama ni wifi. Tayari alikuwa anafungua aproni.

Nilisali kimoyomoyo, nikachukua tochi, nikachungulia bombani. Mikwaruzo mipya: katikati, kwenye ukuta wa ndani wa kona; kwenye ncha, ukuta wa nje. Nikakitazama kipimo chake mezani. Fimbo ndefu, imenyooka kama mwenyewe anavyojiona.

"Mwanangu, kipimo chako hakikupita njia ya chembe. Kimekwaruza kuta. Kule pembeni nguvu haiwezi kuwa sawa hata waya ungezungushwa na malaika."

Akacheka puani. "Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba. Walitupa rula na bikari, na hata mvivu wa darasa hakujaribu kuchora duara kwa rula."

Fundi mkuu wa karakana, aliyekuwa akitusikiliza, akakohoa kuficha kicheko. Akaagiza kipimo kifupi, urefu wa kidole, kipite katikati ya bomba kwa vigurudumu. Namba zikaja sawa, zikaja sawa, mpaka karibu na mwisho zikaruka kidogo.

"Si nilisema!" Kidevu akadakia, kwa furaha ya mtoto aliyeona mwenzake akianguka.

"Hapo nilikaza mimi, si wifi," nikasema. Sikuwa tayari kumkosea Mungu kwa uongo kwa ajili ya mtu kama yule. "Vipande viwili vya chuma vitasawazisha."

Vikasawazisha. Fundi mkuu akamwambia wifi arudi kazini.

Jioni Kidevu akabandika karatasi ukutani: "Mbinu mpya ya kupima, imebuniwa na mkuu wa vipimo."

"Wifi, huyu haoni haya?" nikauliza.

"Haya ni mzigo, na yule anasafiri bila begi. Kaza waya, sumaku ya pili tunaanza."