Shingo ya Mama Mkwe

Mtambo ule wa kusomea kwa mbali tulimwita Mama Mkwe kwa sababu ya kamera yake. Ilikaa juu ya televisheni, kichwa cha duara juu ya shingo nyembamba, na mtu akichelewa darasani ilimgeukia polepole, ikamkagua kuanzia viatu hadi kichwani, bila neno. Mwalimu wetu alikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Yeye ndiye aliyeizungusha kwa vitufe vyake huko huko alikokuwa, nasi tulimwona kwenye kioo, ubao wa nyuma yake umejaa michoro ya saketi. Lilikuwa darasa la jioni la ufundi wa elektroniki, na wengi wetu tulikuwa wanawake tuliotoka kazini na unga wa mikate au povu la nguo za watu bado mikononi.

Mimi nilikaa kiti cha karibu na mlango, binti yangu mapajani. Akilia natoka, akitulia narudi. Ndivyo nilivyosoma, mguu ndani mguu nje, mpaka nikapata cheti, na chuo hicho hicho kikaniajiri kuwa fundi wake.

Sasa Mama Mkwe alikuwa amekata kauli. Diski iliyobeba programu zake ilianza kugonga ndani kwa ndani kama kidole juu ya meza, kisha ikanyamaza, na kioo kikabaki cheusi. Mkuu wa chuo si mtu mbaya. Alisema tu kwamba siku hizi watu wanasoma kwa simu, na chumba kile kingefaa kuwa stoo ya karatasi. Nikamwomba anivumilie mpaka jioni ya kufungua muhula. Akakubali, ila akamwita seremala jioni hiyo hiyo aje kupima rafu, kusudi siku isipotee bure.

Sina ugomvi na simu. Lakini najua darasa la simu likoje kwa mwanamke aliye nyumbani: unasikiliza huku unakoroga sufuria, mtoto anaivuta aone katuni, mume anauliza shati liko wapi. Chumba kile kilikuwa na mlango. Ukishaufunga, wewe ni mwanafunzi. Wanawake waliojiandikisha muhula huu hawakujua kwamba mlango wao wenyewe ulikuwa mashakani.

Kwanza ofisi ilininunulia diski mpya, kubwa, ya kisasa. Mama Mkwe akaikataa kama mtoto anavyotema dawa. Mitambo ya zamani haijui kuhesabu nafasi kubwa kiasi hicho. Na waliomtengeneza walishaacha kutoa programu zake. Nikampigia mwalimu, maana kwake kulikuwa na pacha wa mtambo wetu. Akamwomba fundi wa kule anakili diski yao kwenye diski ndogo ya zamani, nayo ikaja kwa basi ndani ya soksi ya sufu. Soksi safi, imepigwa pasi.

Jioni ilipofika, seremala alikuwa ukutani na futi yake, penseli nyuma ya sikio. Akanitazama nikikaza skrubu.

"Dada fundi, huyu marehemu anafufuka, au nianze kupiga misumari?"

"Misumari ya rafu au ya jeneza?"

"Zote ninazo. Kazi kwako."

Nikawasha. Feni ikavuma, taa ya kijani ikapepesa, na kamera ikainua shingo ikazunguka chumba kizima, kama mtu aliyeamkia nyumba ya wageni. Nikampigia mwalimu kwa mtambo. Mlio mmoja, kisha maandishi: laini inatumika. Nikarudia. Inatumika. Seremala akasema labda mwalimu naye ana mama mkwe wake, anaongea naye. Sikucheka. Wanafunzi walishaanza kufika, wanachungulia, wanaulizana kwa sauti ya chini kama ni hapa.

Ndipo nikasoma jina lililoandikwa pembeni mwa kioo. Halikuwa jina la chuo chetu. Diski ilikuja na kumbukumbu za kule ilikotoka, jina lao na namba yao, na mtambo wetu ulikuwa unajipigia wenyewe, kama mtu anayebisha hodi kwake naye yumo ndani. Nikafuta, nikaandika vyetu.

Kabla ya kupiga tena nikajaribu mielekeo ya kamera yetu, ile mwalimu aliyokuwa ameihifadhi kwa namba; hiyo hukaa ndani ya kamera yenyewe, si kwenye diski. Moja, meza ya mbele. Mbili, dirishani. Tatu, kiti cha karibu na mlango. Kamera ikakilenga sawasawa, utadhani bado nimekaa. Nyingine zilikuwa za safu za nyuma. Tisa, ukuta mtupu.

Nikasimama, kidole juu ya kitufe. Zamani, katikati ya somo, kamera ilikuwa ikigeukia ukuta ghafla na kukaa huko. Tulikuwa tukicheka, tukisema Mama Mkwe amenuna. Mimi nilishukuru kimoyomoyo, namalizia kunyonyesha. Niliamini ni ubovu. Lakini sasa mimi ni fundi, na ubovu haujihifadhi kwa namba.

Nikachukua simu yangu ya mkononi, nikamwomba mwalimu radhi kwa kuchelewa.

"Kuna namba tisa hapa inatazama ukuta. Niifute?"

"Hiyo iache, mwanangu. Hiyo ni ya akina mama. Nilikuwa nikiona mtandio unahangaika, nabonyeza. Si unakumbuka tulikuwa tumeunganishwa na darasa la mji wa tatu, nao walikuwa wanawaona?"

Nilikaa kwenye kile kiti. Uzito wa binti yangu ukanirudia mapajani, joto la kichwa chake, mvua juu ya bati, na sauti ya mwalimu ikieleza ukinzani wa umeme bila kukatika, akiwa anatazama ukuta.

Kisha mkuu akatokea mlangoni, nami nikapiga kwa mtambo.

Picha ilikuja vipande vipande, halafu ikatulia. Nywele za mwalimu zimekuwa nyeupe zote. Akasalimia, akamwomba kila mgeni aseme anafanya kazi gani. Mmoja akasema yeye ni mama wa nyumbani tu.

"Hiyo 'tu' iache nje na mwavuli," mwalimu akasema, na chumba kikacheka.

Mkuu alisimama muda mrefu. Alipoinama sikioni mwangu, aliniambia chumba ni chetu mpaka mwisho wa muhula, baada ya hapo tutaonana. Muhula mmoja unatosha kujifunza kulehemu. Nikaitikia kwa kichwa.

Seremala akakunja futi yake, akanong'ona: basi yeye arudi nyumbani? Mkuu akamwonyesha wanafunzi wawili waliokosa viti. Wakatoka, yeye na seremala, wakarudi wamebeba benchi la mapokezi, mkuu upande huu, seremala upande ule, wakalitua polepole lisigonge. Wale wawili wakakaa, wakafungua madaftari.